Mtoto wa kaka aliuliza "tuikate", mimi nikasikia "tuipake"

Mwanangu mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, nina miaka 63, na kazi yangu ni bahari. Kwa miaka 34 nimevusha watu na mizigo kati ya Lamu na Mokowe, mashine ya boti ikinguruma nyuma yangu tangu asubuhi hadi magharibi. Siku hizi usukani nimemwachia mwanangu wa pili, ila asubuhi bado naenda safari moja au mbili, kwa sababu kukaa nyumbani sikuzoea.

Masikio yalianza kuchoka zamani. Nilikuwa nasikia sauti lakini maneno siyashiki. Mke wangu akiuliza jambo kutoka jikoni, mimi najibu jingine. Miaka miwili iliyopita wanangu watatu walichanga pesa, huyu mkubwa aliyeko Doha akatoa fungu kubwa, nikapelekwa Mombasa nikanunuliwa mashine za masikio, jozi moja, shilingi 180,000. Siku ile nilipofika nyumbani nilisikia makuti ya mnazi yakipigwa na upepo. Nilisikia kandambili zangu mwenyewe zikigonga sakafu. Nililia, mwanangu, sikuficha.

Mpaka leo, usiku nyumba ikiwa imetulia, mke wangu akinisomea ujumbe wa watoto nasikia kila neno. Taabu yangu ni baraza. Kila siku baada ya alasiri tunakaa wazee saba au wanane. Pale pana televisheni ya jirani, dhumna zinapigwa mezani, muuza kahawa anagonganisha vikombe, punda wanapita, na umeme ukikatika duka la pembeni huwasha jenereta. Nikizivaa mashine zangu pale, kila kitu huwa kikubwa kwa pamoja. Sauti za wenzangu zinageuka kuwa mvumo mmoja, kama samaki kwenye kikaango. Nimejaribu kuvaa moja tu, ya kulia, nikidhani kelele itapungua nusu. Haikusaidia. Basi nimejifunza kucheka wakicheka, na kutikisa kichwa wakitikisa.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Marehemu kaka yangu aliacha mashua. Baba yetu ndiye aliyeiundisha Matondoni, sisi tungali watoto. Ilikuwa imevutwa pwani miaka mingi, mbao za chini zimeanza kuoza. Mwezi uliopita mtoto wa kaka alipita barazani, akasimama chini ya ngazi. Jenereta inanguruma, na watu wanabishana. Akaniuliza, nami nikasikia, "Ami, ile mashua tuipake?" Nikadhani anataka kuipaka sifa, yale mafuta ya samaki, na shahamu ishuke majini tena. Nilifurahi. Nikamwambia, "Fanyani, Mungu awape nguvu." Siku ya tatu nikapita pwani, nikakuta mbao zimepangwa safu na mataruma, mbavu za chombo, yamekatwa kwa msumeno. Alikuwa ameuliza, "Tuikate?"

Sikumwambia kitu. Yeye anajua nilimpa ruhusa, na kweli nilimpa. Nikimwona njiani natazama pembeni, naye hajui kwa nini.

Juu ya hilo, huyu wa Doha alipokuja likizo aliniona harusini nikipotea katika mazungumzo. Juzi amepiga simu: kuna mashine mpya zenye akili ya kutenga sauti ya mtu na kelele, bei yake karibu 450,000, naye yuko tayari kununua. Pesa hizo najua ni za harusi yake mwenyewe, mwakani. Kila aliponiuliza kama hizi za kwanza zinafaa, nilimjibu, "Alhamdulillahi, zafaa sana." Nikisema kweli sasa, nitakuwa nawaambia wanangu kwamba pesa yao ilizama. Nikikubali hizo mpya, nakula harusi ya mtoto. Nikikataa, atataka sababu.

Wiki mbili sijaenda barazani. Nimefikiri niache kabisa, nikae nyumbani ninaposikia. Je, hizo mpya zitanirudisha kati ya wenzangu? Na mwanangu nimwambie nini, na huyu kijana wa kaka?

Nahodha, Amu

*

Waalaykum salaam, ami yangu Nahodha.

Niliisoma barua yako mpaka penye mataruma, nikaiweka chini kwanza. Pole sana. Chombo alichokiundisha baba, kikaachwa na kaka, si mbao tu. Na kukipoteza kwa neno lako mwenyewe, neno ulilolitoa kwa furaha, ni uchungu ambao haufanani na kupotelewa kwa njia nyingine.

Nikikufahamu vizuri, una mambo matatu yaliyosukwa kamba moja. Kuna mashine zinazokusaidia nyumbani na kukuacha barazani. Kuna wanao uliowaambia kila kitu ni sawa. Na kuna kijana aliyefanya ulichomruhusu, nawe huwezi kumtazama. Nitaanza na lile neno lenyewe, kwa sababu naona umejihukumu kwalo kama mtu aliyezembea.

Yatamke polepole: tu-i-ka-te. Tu-i-pa-ke. Irabu ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kinachoyatenganisha ni k, t na p, na sauti hizo ni kipande kidogo cha pumzi, fupi, nyepesi, za masafa ya juu, yaani sauti nyembamba. Irabu ndizo zenye nguvu, ndizo zinazofika mbali. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojiviringa kama konokono, yenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zile za mlangoni ndizo zinazopokea masafa ya juu, na ngurumo ya miaka mingi huanza kuharibu upande huo. Lugha yetu nayo karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ndiyo maana mtu aliyeumia kama wewe huweza kusikia Kiswahili kizima kikipita, sauti na mahadhi yake yote, asijue kama kimesemwa paka, taka, kaka au saka. Ukamilishe nini pale? Akili hukamilisha kwa kile inachokitarajia. Wewe ulitarajia mashua ipakwe sifa, kwa kuwa ndilo ulilolitaka moyoni.

Kwa hiyo, ami, nakuomba ulitazame upya lile wazo kwamba pesa ya watoto ilizama. Mashine zilizokupa makuti ya mnazi na ujumbe wa watoto hazikuzama. Zimefikia mpaka wake, na mpaka huo ndio wanaougombania wataalamu hadi leo. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Colin Cherry, aliandika kuhusu jinsi mtu anavyoweza kumfuata msemaji mmoja katika chumba kilichojaa wasemaji. Kwa mwenye sikio zima, kelele ikilingana na sauti ya msemaji bado atamfuata. Sikio lililoumia linataka sauti iizidi kelele kwa kiasi kizuri. Mashine inayokuza kila kitu hukuza msemaji, na dhumna, na jenereta, na ule uwiano kati yao hubaki pale pale.

Cherry aliwajaribu watu kwa sikio moja na kwa masikio mawili, na hapo nataka kukuuliza kuhusu ile ya kushoto uliyoivua. Nimeelewa kwa nini uliivua. Yeyote angefikiri hivyo. Lakini ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha kilichofika kulia na kilichofika kushoto, na kwa kujua imetoka wapi ndipo unapoweza kuiweka kando. Ukivaa moja umeunyima ubongo kipimo chake. Sikuahidi kwamba mbili zitatosha. Naona tu kwamba jaribio lako la mwisho lilifanywa na nusu ya chombo.

Kisha niambie: pale barazani unakaa wapi? Mashine nyingi za namna yako zina vipaza sauti viwili vidogo juu ya kila moja. Sauti ya mbele hugusa kimoja kabla ya kingine, kwa tofauti ndogo mno, na kwa tofauti hiyo mashine hupunguza yanayotoka nyuma na kuacha ya mbele. Ni ufundi mzuri, ila hutegemea umekaaje. Mkiwa mmepangana ukutani safu moja, mashine inawasikiliza punda wa njiani na kumpunguza mzee aliye bega kwa bega nawe. Ukikaa kwenye daka, viti vya mawe vikitazamana, na televisheni na jenereta vikawa mgongoni kwako, hesabu inageuka. Ukaribu nao una uzito wake. Mahali pa wazi, umbali ukipungua nusu sauti hupanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hakuna mashine mfukoni mwa mtu inayotoa hizo bure. Kijana wa kaka alisimama chini ya ngazi. Angepanda akaketi mbele yako, ukaona midomo yake, p ungeiona hata usingeisikia, kwa maana midomo hufungana kwenye p, na kwenye k haifungani.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ni ngumu pia, zinarudisha sauti. Njia nyembamba za Lamu ni tamu kwa kivuli, kwa sikio ni kazi.

Kuhusu mashine hizo ulizonazo, kuna mambo ningeyauliza kabla ya kuzungumzia nyingine. Tangu siku ile ya Mombasa, umerudi kupimwa? Miaka miwili ni muda mrefu, na usikivu hubadilika. Je, walipokuwekea, walipitisha kijibomba chembamba ndani ya sikio kupima sauti inayofika kweli kwenye ngoma yako, au walitazama kompyuta tu? Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama k na t zinakufikia. Kile kiraba cha ndani ya sikio kina matundu au kimeziba? Chenye matundu hupitisha kelele ya nje moja kwa moja, na kazi ya vile vipaza sauti inapotea kwa kiasi fulani. Wengine hufinyangiwa kipande cha umbo la sikio lao wakapata nafuu. Kuna programu ya mahali pa kelele, na uliwahi kuonyeshwa kitufe chake? Na mtu wa bahari nimuulize na hili: chumvi na unyevu wa mashuani umeviziba vitundu vya vipaza sauti? Nta ya sikio huziba upande wa pili. Usiku zilale ndani ya kopo lenye kikaushio, kifuniko cha betri kikiwa wazi. Huenda ukaambiwa yote yako sawa. Huenda pia ukagundua kwamba kwa mwaka mzima umekuwa ukisikia kupitia tundu lililoziba.

Sasa hizo mpya. Mwanao hakudanganywa, zipo. Tangu 2021 zimekuwa zikitoka mashine zenye programu iliyofunzwa kwa rekodi nyingi mno za sauti na kelele, na mwaka 2024 kampuni ya Phonak ilitoa moja yenye chipu ya pekee kwa kazi ya kutenga maneno na kelele. Zamani mashine iliweza kupunguza kelele isiyobadilika, kama feni au mashine ya boti, na hata hapo ilikuwa raha ya sikio kuliko kuelewa maneno. Kelele ya watu wanaosema iliishinda, kwa sababu nayo ni maneno. Hizi mpya zinakwenda mbele zaidi, na wapo watu waliorudi mezani kwa familia zao kwa sababu yake. Nafurahi kwa ajili yao kwa dhati.

Hatari zake ni hizi ninazoziona mimi. Kazi hiyo hula betri, na siku ya baraza ni ndefu. Wazee watatu wakisema kwa pamoja mbele yako, mashine haijui moyo wako unamtaka nani. Na uwazi ambao seli zako zimeupoteza hauko ndani ya mashine ili ikurudishie. Mwingine atafurahi, mwingine wa umri ule ule na cheti cha vipimo kinachofanana ataona tofauti ndogo. Ndiyo maana, mkielekea huko, ningetaka mwanao aulize jambo moja kabla ya bei: je, baba atapewa siku za kuzijaribu, na kuzirudisha akiona hazimfai? Na usizijaribu katika chumba kile kimya cha dukani, ambapo hata za zamani zilikuridhisha. Toka nazo, nenda Marikiti saa nne asubuhi, mtu asimame mbele yako akutajie bei za viungo.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, pengine hukuambiwa. Ni kipaza sauti kidogo cha kubanwa kwenye kanzu ya msemaji, au kuwekwa katikati ya meza, kinachotuma sauti yake moja kwa moja masikioni mwako bila waya. Ujanja wake ni ule ule wa karibu: kinakaa shibiri moja kutoka mdomoni, kabla kelele haijaingia njiani. Kwenye kelele nyingi kinashinda mashine nyingi za bei kubwa zikiwa peke yake. Lazima kipatane na mashine ulizonazo, na hilo ni la kuuliza walikokuuzia. Kina gharama ya aina nyingine pia, na naona ndiyo ungeiogopa zaidi. Kinaonekana. Itakubidi umpe mzee mwenzako mkononi na kumwambia, nibanie hiki kifuani.

Hapo ndipo nataka nikae nawe kidogo. Unaamini kwamba wenzako wakijua husikii, kuna kitu utapungukiwa. Labda unawajua kuliko mimi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.5, yaani mmoja kati ya watano, wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani, na barazani kwenu ni wazee saba au wanane, baadhi yao nadhani walizeekea kando ya mashine kama yako. Hujawahi kumwona mmoja wao akicheka nyuma kidogo ya wengine? Wiki mbili hujaonekana. Wao hawajui ni masikio. Wanaweza kuwa wanajiuliza nani alikukosea.

Kukaa nyumbani ni njia halali, na siidharau. Mtu huchoka, na kusikiliza kwa nguvu kunachosha kuliko kupiga kasia. Nakuuliza tu kama kati ya baraza yote na nyumbani moja kwa moja hakuna kitu. Baraza la asubuhi, baada ya alfajiri, kabla televisheni haijawashwa? Wazee wawili kwako, na kahawa?

Kwa mwanao wa Doha, umeyaweka maneno mawili tu mezani: zinafaa, au zimezama. Lakini ukweli wako una sehemu mbili, na zote umeshaniandikia. Nyumbani nasikia kila neno mama yako anaponisomea barua zako. Barazani sisikii. Ukimwambia hivyo, sehemu ya kwanza ni shukrani na ya pili ni habari anayoihitaji, maana anakaribia kutoa pesa nyingi kwa kutegemea jibu lako. Anaweza kuumia kwamba ulimficha. Anaweza pia kushikilia kununua, harusi isogee, nawe uivae harusi yake sikioni kila siku. Unamjua. Kama ni wa kushikilia, mpe kwanza kazi ndogo: akupangie siku ya vipimo Mombasa, na aulize bei ya kile kipaza sauti. Hilo halimzuii kununua baadaye, na wewe halikufungi.

La huyu wa pili, aliyeshika usukani wako, hukuniuliza, lakini siwezi kulipita. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba desibeli 85 ni za kuvumiliwa saa 8 kwa siku, na kila zikipanda 3 muda huo hupungua nusu. Mnunulie viziba masikio, vile vinavyofunika sikio zima. Nawe uwe navyo kwa zile safari zako za asubuhi, kwa kuwa mashine ya sikio iliyozimwa haizuii ngurumo vya kutosha. Na sikio likizima ghafla, au upande mmoja tu, au likija na kizunguzungu, hilo ni la daktari siku hiyo hiyo, lisingoje nauli ya Mombasa.

Nimebakisha kijana wa kaka, kwa sababu kwake sina mashine ya kuzungumzia.

Ukinyamaza, unamlinda asijue kwamba alikata kitu ulichotaka kiishi. Ni huruma, naiona. Ila macho yako tayari yanamwambia kuna kosa, naye analitafuta asilipate, na mtoto aliyefiwa na baba akimwona ami yake anageuza uso anaweza kufikiri mengi. Ukimwambia, unaweza kumtwika mzigo asiostahili. Anaweza pia kuwa mtu wa kwanza Amu nzima kujua kwamba akikuuliza jambo, apande ngazi kwanza.

Kabla hujachagua, jiulize hili ukiwa peke yako. Ulisema mbao za chini zilikuwa zimeanza kuoza. Siku ile ungelisikia sawasawa, akauliza tuikate, ungemjibu nini? Kama jibu ni kwamba ungekataa katakata, mazungumzo yenu yatakuwa ya namna moja. Kama ungenyamaza ukafikiri, kisha ukasema labda, yatakuwa ya namna nyingine, na huenda ukaona hasira yako haiko kwake wala kwa sikio lako.

Ukiamua kumwita, muite nyumbani, asubuhi, mketi mkitazamana, mashine zote mbili ziwe masikioni. Muulize kama zile mbao zimeshauzwa, au kuna taruma moja iliyobaki.